Siku Mpira wa Odilia Ulipoacha Kupinda

“Amekufa! Jamani, amekufa!”

Sauti hiyo ndiyo iliyokuacha mdomo wazi, msomaji wangu, ulipolikunja gazeti wiki iliyopita. Ilitokea nyuma ya ua wa minyaa, pale pale ulipoangukia mpira wa gofu wa Odilia, na ilikuwa sauti ya Mama Gaudensia, mama mzazi wa Eliakimu.

Na Eliakimu ndiye mwanamume ambaye Odilia anatarajia kufunga naye ndoa mwezi ujao!

Odilia aliitupa fimbo ya gofu akakimbia. Miaka sita ya uuguzi ilimwambia atafute kivuli, alegeze nguo za mgonjwa, apime mapigo ya moyo. Moyo wake mwenyewe ulimwambia jambo moja tu: umemuua mama mkwe.

Akapenya uani. Nyuma yake walikuja watu wa Bashay, waliopanda lori alfajiri kuja Basotu kumshangilia. Nyuma yao wakaja watu wa Basotu, wa upande wa Eliakimu. Walikuwa wanasukumana kama watu waliosikia kuna moto.

Mama Gaudensia alikuwa amekaa chini kando ya mafiga, mikono kichwani.

“Mama! Umeumia wapi?”

“Mimi?” Mama Gaudensia alimshangaa. “Mimi nina nini? Mwangalie huyu!”

Alimwonyesha jogoo. Jogoo mwekundu, mnene, aliyefungwa kamba mguuni tangu asubuhi akisubiri kuwa kitoweo cha mzee Bura, baba yake Odilia. Jogoo alikuwa amelala chali, miguu juu, na ule mpira mweupe umetulia kando ya kichwa chake.

Wanaume wawili wakavua kofia.

“Alikuwa achinjwe saa nane,” Eliakimu alisema kwa sauti ya msibani. “Umemwahisha tu.”

Hapo jogoo akafumbua jicho moja.

Akafumbua la pili. Akasimama, akayumba kama mtu aliyetoka kilabuni, akautazama mpira, akautazama umati, kisha akawika! Akakurupuka na kamba yake, akapita juu ya kifuniko cha sufuria la makande, akapita katikati ya miguu ya watu wa Bashay, akatokomea kwenye ngano.

Wee! Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mama Gaudensia alicheka akalia. Odilia mwenyewe alicheka.

Mtu mmoja tu hakucheka: mwalimu Alfredi, mwamuzi wa mchezo, mwenye filimbi shingoni na kitabu kidogo cha sheria mfukoni. Alikifungua kitabu, akalowesha kidole, akatafuta ukurasa.

“Mpira umetoka nje ya mpaka,” alitangaza. “Odilia arudi alipopigia, apige upya, na aongezewe mkwaju mmoja wa adhabu. Kuhusu jogoo, sheria haisemi kitu.”

Odilia akarudi. Akapiga upya. Mpira ukapaa vizuri, ukaenda, ukaenda, kisha kama umeitwa na mtu, ukapinda kulia na kuvuka ua ule ule.

“Bahati jogoo ameshakimbia!” mtu alipiga kelele.

Odilia aliinua mikono. Shimo la tano likawa la Eliakimu.

Kwa wewe unayeungana nasi leo, nikuweke sawa haraka. Odilia Bura ni muuguzi wa zahanati kijijini kwao Bashay, wilaya ya Mbulu. Eliakimu ni fundi wa matrekta huku Basotu, wilaya ya Hanang, karibu na mashamba ya ngano. Wanapendana kiasi cha kuwachosha majirani. Tatizo ni moja: wakishaoana, wataishi wapi? Odilia hataki kuacha Bashay. Mwenzake hataki kuacha Basotu. Miezi saba wamebishana, mpaka siku moja wakapeana mikono mbele ya wazazi: wacheze gofu kwenye uwanja mkongwe wa mashimo tisa hapa Basotu, na atakayeshindwa ndiye atakayehama.

Mchezo unahesabiwa kwa mashimo. Anayeingiza mpira kwa mikwaju michache analichukua shimo. Na mpaka sasa Eliakimu ametangulia kwa mashimo manne.

Yamebaki mangapi? Manne!

Maana yake Odilia akipoteza moja tu, au wakitoka sare kwenye moja tu, mchezo umekwisha na Bashay imekwenda.

Alikaa kwenye nyasi karibu na shimo la sita, uso ameufunika kwa kofia. Hakuwa anawaza zahanati peke yake. Alimwaza baba yake. Tangu mama yake afariki, mzee Bura alibaki naye tu katika ile nyumba ya Bashay, na vitunguu saumu vyake, na ng'ombe watatu. Nani atampikia? Nani atamkumbusha dawa ya presha? Hilo ndilo Odilia hakuwahi kumwambia Eliakimu waziwazi. Kila mara alisema zahanati, zahanati, zahanati.

“Mzee Yoakimu,” alimwita mbeba fimbo wake. “Hivi mimi nina tatizo gani?”

Mzee Yoakimu alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la zamani. Alikuwa amelibeba begi la Odilia tangu asubuhi bila kutamka hata neno la kuazima. Aliposikia swali lile, aliliweka begi chini taratibu, akavua kofia, akashusha pumzi ndefu.

“Ahsante Mungu,” alisema. “Ameniuliza.”

“Kwani ulikuwa unajua?”

“Binti, mimi nimebeba fimbo Arusha miaka ishirini na mbili. Tatizo lako nimeliona kabla hujapiga shimo la kwanza. Nimeliona wakati unashuka kwenye lori unajaribu fimbo.”

“Sasa mbona umenyamaza mashimo matano!”

“Kule kedi, yaani mbeba fimbo, anayefundisha bila kuulizwa anafukuzwa kazi. Nilifukuzwa mara mbili. Sikutaka ya tatu.”

Odilia hakujua acheke au ampige na fimbo namba saba.

Filimbi ikalia. Mwalimu Alfredi alikuwa ameshafika, kitabu mkononi. “Hapo mnapeana mafunzo katikati ya mchezo?”

“Namuuliza kedi wangu, mwalimu.”

Alfredi alisoma. Alisoma tena. Watu wa Basotu walisogea wakiomba kosa lipatikane.

“Kedi wake mwenyewe anaruhusiwa,” alisema mwishowe, kwa huzuni kidogo. “Ila msichelewe.”

“Shika fimbo,” Yoakimu alisema haraka. “Usipige. Shika tu.”

Odilia akashika.

“Nani alikufundisha kushika hivyo?”

“Eliakimu.”

“Alikwambia nini, neno kwa neno?”

“Aliniambia, ‘Ukishashika, geuza viganja vyote viwili kidogo upande wa kushoto.’”

Mzee Yoakimu aligeuka, akamtazama Eliakimu aliyekuwa anakunywa soda mbali kidogo, fimbo ameiegemea. Akamtazama mikono.

“Binti,” alisema polepole, “mchumba wako anatumia mkono gani?”

“Wa kushoto. Ni mashoto tangu utotoni.”

“Na wewe?”

Odilia akautazama mkono wake wa kulia.

Miaka miwili! Miaka miwili mwanamume mashoto amemfundisha mwanamke wa mkono wa kulia, na kila alilosema lilikuwa sahihi kwa mwili wake yeye! Kwa mashoto, kugeuza viganja kushoto kunaufunga uso wa fimbo. Kwa Odilia kunaufungua, ukafika kwenye mpira umeangalia kulia, ukaukata mpira pembeni kama kisu kinavyokata kitunguu.

“ELIAKIMU!”

Eliakimu alipaliwa na soda.

“Wewe ndiye uliyeupindisha mpira wangu!”

“Mimi? Nimefanya nini tena?”

“Umenifundisha kinyume! Kushoto kwako siyo kushoto kwangu!”

Eliakimu alijitazama mikono. Akaitazama ya Odilia. Msomaji, nilitamani uione ile sura. Ilikuwa sura ya mtu aliyegundua amevaa shati kinyume tangu asubuhi.

“Odi, naapa sikujua,” alisema. “Naapa! Mimi nilidhani wewe ni mbishi tu.”

Watu wakaangua kicheko. Mzee Bura, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na shuka lake mabegani, alicheka mpaka akashika ubavu.

“Acha habari za yule,” Yoakimu alimwambia Odilia. “Tuna dakika moja. Geuza viganja kulia. Kidogo. Tazama mkono wako wa kushoto, unaona vifundo vingapi?”

“Kimoja.”

“Geuza tena. Sasa?”

“Viwili. Na nusu.”

“Hapo hapo. Na usiikaze. Unashika fimbo, hukamui ng'ombe. Pili: unasimama vibaya. Kwa kuwa unajua mpira utapinda kulia, unaelekeza mabega kushoto, kule mlima Hanang. Si ndiyo?”

“Ndiyo, ili ukipinda uje katikati.”

“Ndiyo maana unapinda zaidi! Unaelekea mlimani halafu fimbo inatoka nje, inaujia mpira kwa ndani. Unaukata. Elekea unakotaka kwenda. Kama unakwenda Katesh huwezi kusimama njia ya Singida.”

“Na la tatu?”

Mzee Yoakimu aliangalia huku na huku, akapunguza sauti. “La tatu ni kiwiko cha kulia. Kinaruka kama bawa la yule jogoo. Sasa fikiria hivi. Umeficha barua ya huyu kijana kwapani. Barua ya mapenzi, ile nzito. Na baba yako amekaa pale anakuangalia. Ikidondoka, umekwisha.”

Odilia aliona haya mpaka masikio yakapata moto.

“Umeelewa?”

“Nimeelewa vizuri sana, mzee.”

Alisimama mbele ya mpira. Alielekeza mabega palipo na bendera ya shimo, siyo mlimani. Akahesabu vifundo viwili na nusu. Akabana kiwiko. Ile barua akaiona kabisa kichwani, na maneno yake, na mwandiko mbaya wa Eliakimu.

Akazungusha.

Tap!

Ilikuwa sauti nyingine, msomaji. Siyo ile ya kukwaruza. Ilikuwa sauti kavu, safi, kama mlango mzuri unapofungwa. Mpira ulipaa chini ya anga la Basotu, na watu wote wa Bashay wakageuza shingo kulia kwa mazoea.

Haukwenda kulia.

Ulikwenda mbele. Ulikwenda mbele tu, mbele, mbele, kama lori lililokatika breki, ukadunda mara moja, ukadunda mara ya pili, ukasimama hatua chache kutoka kwenye bendera.

“Umekwenda wapi?” mama mmoja wa Bashay aliuliza, bado anatazama kulia.

“Umenyooka!” Odilia alipiga kelele. “Baba! Umenyooka!”

Aliirusha kofia. Akamkumbatia mzee Yoakimu mpaka koti likalia kama kitambaa kinachochanika. Akamkumbatia mwalimu Alfredi, ambaye alipuliza filimbi kwa kukosa cha kufanya. Akataka kumkumbatia Eliakimu, akakumbuka ni adui, akampungia tu.

Shimo la sita likawa lake.

Wakielekea la saba, kitu kikamvuta sketi. Mama Gaudensia alikuwa anatembea kando yake, mwiko wa makande mkononi.

“Mkwe,” alinong'ona, “shinda.”

“Mama?”

“Shinda mchezo. Mpeleke Bashay.”

“Mama, lakini huyu ni mwanao!”

“Ni mwanangu, nampenda. Nimempikia miaka thelathini na mbili. Ana vipuri vya trekta mpaka chini ya kitanda changu. Juzi nimekuta pampu ya dizeli kwenye kabati la vyombo.” Aliuinua mwiko kama mtu anayeapa. “Shinda, mwanangu. Mungu atakulipa.”

Akageuka haraka, akapaza sauti watu wote wasikie: “Eliakimu oyee! Basotu oyee!”

Shimo la saba lina bwawa mbele yake. Asubuhi ile Odilia alikuwa ameota mipira yake yote imo ndani ya maji, inamtazama kama macho ya vyura. Mzee Yoakimu alimpa fimbo, akamwambia neno moja: “Barua.”

Tap! Mpira ukavuka bwawa na nafasi ikabaki.

Eliakimu akapiga wake, ukavuka pia, lakini ukaviringika mpaka kwenye kinyesi kibichi cha ng'ombe. Mwalimu Alfredi alitafuta ukurasa kwa muda mrefu. Mwishowe alisema Eliakimu anaweza kuupiga ulipo, au auokote kwa adhabu. Eliakimu akaupiga ulipo.

Sitakueleza shati lake lilivyokuwa. Shimo la saba likawa la Odilia.

Sasa kelele zilibadilika. Watu wa Bashay walianza kuimba. Mzee Bura alikibeba kiti chake mwenyewe kutoka shimo hadi shimo. Watu wa Basotu walianza kubishana wao kwa wao.

Shimo la nane Odilia alimaliza kwanza, na Eliakimu alikuwa na mpira hatua mbili tu kutoka shimoni. Akiuingiza, sare, na mchezo umekwisha. Eliakimu aliinama, akapima, akainua macho kidogo.

Na alichokiona ni Odilia, amesimama ng'ambo ya shimo, amefumba macho, midomo inaomba, viganja amevigeuza kulia hata bila fimbo.

Eliakimu akatabasamu. Akausukuma mpira huku bado anamtazama. Mpira ukapita ukingoni mwa shimo, ukachungulia ndani, ukaendelea na safari.

“Aaaa!” Basotu nzima.

“Yeeee!” Bashay nzima, na katikati yao sauti moja nene ya mama mwenye mwiko, aliyejisahau.

Limebaki moja. Shimo la tisa.

Wote wawili walipiga vizuri. Wote wawili wakafika karibu. Eliakimu akamaliza kwa mikwaju mitano. Odilia alikuwa ametumia mitatu, na mpira wake uko hatua sita kutoka shimoni, juu ya mchanga uliosawazishwa kwa reki kuzunguka shimo. Akiuingiza, wamelingana kwa mashimo. Akikosa, anahama.

“Mzee, hapa nifanyeje?”

“Hapa sina la kusema,” Yoakimu alisema. “Ingiza tu.”

Akausukuma. Mpira ulikwenda polepole mno, kama bibi anayekwenda kanisani na muda bado anao. Hatua moja. Mbili. Nne. Ukafika ukingoni, ukasimama.

Ukasimama!

Odilia alipiga magoti. Mwalimu Alfredi aliinua mkono, akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, kwa maana sheria inampa mchezaji sekunde kumi tangu afike kwenye mpira. “Moja. Mbili. Tatu. Nne...”

Alipotaja saba, mpira ukatumbukia.

Sitajaribu kukuandikia kelele zile. Ng'ombe waliokuwa wanakunywa maji bwawani waliinua vichwa.

“Wamelingana!” Alfredi alitangaza, na kwa mara ya kwanza siku ile hakufungua kitabu. “Warudi shimo la kwanza. Atakayelichukua, amechukua mchezo!”

Shimo la kwanza, msomaji! Lile ambalo kwa miaka miwili Odilia hajawahi kubakiza mpira uwanjani! Kulia kwake kuna ngano, kushoto kuna ngano, na njia katikati ni nyembamba kama uchochoro.

Odilia alisimama. Hakuangalia ngano. Hakuangalia watu. Vifundo viwili na nusu. Mabega kwenye bendera. Barua kwapani.

Tap!

Mpira ulikwenda katikati ya uchochoro ule kana kwamba umepimwa kwa kamba.

Zamu ya Eliakimu. Alifuta mikono kwenye suruali. Alifuta tena. Mzee Yoakimu alimtazama akatikisa kichwa. “Sasa huyu ndiye anayekamua ng'ombe,” alinong'ona.

Eliakimu akazungusha kwa nguvu zake zote. Mpira ukapaa, ukaenda, kisha, mbele ya macho ya wilaya mbili, ukapinda! Kwa kuwa yeye ni mashoto, ulipinda kushoto. Ukaingia kwenye ngano bila hata kuaga.

Walitafuta dakika tatu zilizoruhusiwa. Walimpata jogoo. Mpira hawakuupata.

Eliakimu alitoka kwenye ngano, nywele zimejaa makapi, shati limejaa yale ya shimo la saba. Alitembea mpaka mbele ya Odilia, akavua kofia.

“Hongera,” alisema. “Mwambie baba atafute nafasi ya kuweka vipuri.”

Odilia alimkazia macho. “Niangalie. Ulikosa makusudi?”

“Odi.” Eliakimu alijitazama kuanzia shati mpaka viatu. “Ningekosa makusudi, ningekosa kwa usafi zaidi.”

Hapo Odilia hakujali adui wala mwamuzi. Alimkumbatia na kinyesi chake chote. Vigelegele vilipasuka, na cha kwanza, kirefu kuliko vyote, kilikuwa cha mama mzazi wa aliyeshindwa.

Ni katikati ya vigelegele hivyo simu ya Odilia ilipolia.

Alikuwa Judica, muuguzi mwenzake wa zahanati. Odilia aliziba sikio moja.

“Judica! Nimeshinda! Sihami!”

“Umeshinda nini?” Sauti ya Judica ilikuwa ya ajabu. “Dada, barua yako ya uhamisho imefika sasa hivi. Unatakiwa kuripoti Basotu Jumatatu.”

“Uhamisho gani? Mimi sijaomba uhamisho!”

“Imeandikwa ‘kwa maombi ya mtumishi mwenyewe’. Nakala ya ombi imeambatanishwa. Na mkuu wetu, mganga mfawidhi Marieta, ndiye aliyelipitisha.”

“Marieta? Marieta anayeninyima hata ruhusa ya siku moja?”

“Sahihi yake ipo. Na yako ipo. Ila dada...” Judica alisita. “Jina lako umeliandika Odiliya. Lina y katikati.”

Odilia aliishusha simu.

Duniani kuna mtu mmoja tu anayeandika jina lake hivyo. Aliliandika hivyo kwenye daftari la Odilia la darasa la kwanza, mwalimu akalisahihisha, naye akaendelea kuliandika hivyo hivyo kwenye kila daftari kwa miaka saba.

Akageuka. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu.

Mzee Bura alikuwa njiani kuelekea kwenye lori, shuka linapepea, anatembea kwa kasi ambayo haijaonekana Bashay kwa miaka mingi. Mkongojo wake haugusi hata chini.

“Baba!”

Mzee akaongeza mwendo.

“Baba, simama!”

Akasimama. Hakugeuka.

“Nilidhani utashindwa,” alisema. “Tangu lini mpira wako ukanyooka? Nikasema ngoja nikurahisishie, uhame mapema.”

“Baba, mimi nimepigana siku nzima nisikuache peke yako!”

Mzee Bura aligeuka sasa. Aliutazama mkongojo, akautazama mlima, akajikuna nyuma ya sikio kama kijana wa miaka ishirini.

“Hapo ndipo tatizo lilipo, mwanangu,” alisema. “Siko peke yangu.”

Mlango wa mbele wa lori ukafunguka. Mwanamke mnene, mwenye miwani na kitambaa kipya cha kichwani, alishuka kwa uangalifu. Alikuwa amejificha mle ndani tangu alfajiri na joto lilikuwa limemtoa jasho. Alikuwa mganga mfawidhi Marieta.

Watu wote wa Bashay waligeuka kwa pamoja kumtazama mzee Bura.

Odilia alisimama kama nguzo, simu mkononi, na kwa kuwa miaka sita ya kazi haifutiki kwa dakika moja, mdomo wake ulisema ulichozoea kusema kila asubuhi.

“Shikamoo, Mfawidhi.”

Marieta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Kisha akausogelea mkono wa mzee Bura, akaushika mbele ya watu wote.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. Na safari hii, msomaji, hakuwa anasema kwa mazoea.